Harusi ya Windsor, Bila Kadi wala Mchango

Mwaka 2018 mwezi wa Ramadhani uliandama katikati ya Mei, wakati majira ya machipuko yamekolea Uingereza. Nilikuwa mgeni wa shangazi yangu anayeishi Slough, mji wa viwanda na wahamiaji ulioko magharibi mwa London. Kutoka stesheni ya Slough hadi Windsor ni mwendo wa treni wa dakika sita tu, na huko Windsor, Jumamosi ya tarehe 19 Mei, Mwanamfalme Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth II, alikuwa anamwoa Meghan Markle, mwigizaji wa Kimarekani ambaye mama yake ni Mmarekani Mweusi.

Kwetu Tanga, ngoma ya harusi ikilia mtaa wa pili, hata asiyealikwa hujifunga kanga yake akaenda kusimama uani kushuhudia. Siku hizi tuna kamati, michango na kadi za kuingilia ukumbini, lakini mlangoni hawakosekani watu waliokuja kwa mapenzi tu. Shangazi, aliyekulia Ngamiani kabla ya kuhamia Ulaya, hakuona kwa nini Windsor iwe tofauti.

"Ufalme ni wao, mwanangu," aliniambia tukila daku. "Harusi ni ya watu wote. Twende."

Machipuko ya mwaka ule yalikuja kwa kishindo. Mwishoni mwa Februari, na tena mwezi Machi, upepo wa baridi kutoka mashariki uliifunika nchi kwa theluji, miti ikachelewa kuchipua. Kisha joto likaja ghafla: sikukuu ya Jumatatu ya tarehe 7 Mei ilivunja rekodi ya joto kwa siku hiyo. Maua ambayo kwa kawaida hupokezana, haya yakipukutika ndipo yale yafunguke, mwaka ule yalifunguka kwa pamoja. Mtaani kwa shangazi kila kibustani cha mbele ya nyumba kilikuwa na rangi yake. Mzee mmoja jirani, ambaye kipindi chote cha baridi hakuwahi kuvuka salamu ya asubuhi, alituita getini kwake atuonyeshe mti wake wa lilac uliojaa vishada vya zambarau, akatusimulia ulipandwa na marehemu mkewe. Tulisimama naye mpaka akamaliza. Shangazi akaniambia kwamba ndivyo nchi ile ilivyo: jua likitoka, na watu nao wanatoka.

Siku ya harusi tulifika stesheni asubuhi na mapema, na tayari foleni ilikuwa imezunguka jengo. Wengine walivaa mataji ya karatasi, wengine suti za harusini kamili na kofia za maua. Njia ile ni ya reli moja. Treni inakata mbuga ya majani mabichi, inavuka mto Thames juu ya daraja la chuma la Isambard Kingdom Brunel, lililofunguliwa mwaka 1849, na hapo kasri lote linakujia usoni: kuta za mawe juu ya kilima, mahali alipopachagua William Mshindi katika karne ya 11 kwa ajili ya kulinda njia za kuingilia London. Ndani ya behewa letu watu walinyamaza wote, kisha wakapiga makofi.

Windsor ni mji wa wakazi wapatao 30,000. Siku hiyo wageni walikadiriwa kuzidi 100,000. Vibendera vilitandwa kutoka duka hadi duka, vya Uingereza vikichanganyika na vya Marekani. Kando ya barabara walikuwapo waliolala hapo usiku kucha ndani ya mifuko ya kulalia, sasa wanapiga mswaki kwa maji ya chupa huku wakiongea na polisi. Mikoba ilikaguliwa, mbwa wakanusa, na tukaelekezwa kwenye Long Walk.

Nataka msomaji aione njia hiyo. Ni barabara iliyonyooka kuanzia langoni mwa kasri kwenda kusini, zaidi ya kilomita 4, hadi kwenye kilima chenye sanamu ya Mfalme George III juu ya farasi. Mfalme Charles II ndiye aliyeanza kuipanga miti pande zote mbili, katika karne ya 17. Miti yake ya mwanzo, elm, ilishambuliwa na maradhi ikakatwa katika miaka ya 1940, na badala yake ikapandwa mingine, mingi yake chestnut. Katikati ya Mei chestnut inakuwa imechanua, na kila kishada cha ua jeupe husimama wima juu ya jani kama mshumaa. Tulitembea chini ya mishumaa hiyo mpaka tulipopata nafasi karibu na uzio, tukatandika mkeka wa shangazi juu ya majani.

Majirani zetu wa siku hiyo walikuwa bibi mmoja kutoka Wales na mumewe, wanafunzi wa Kanada, na dada mmoja Mkenya, muuguzi wa London, aliyetusikia tukizungumza akaja mbio. "Jamani, Kiswahili! Sogeeni nikae na watu wangu." Akaketi. Wenzetu walifungua vikapu: mikate yenye matango, stroberi, chai ya maziwa ndani ya chupa. Yule bibi akatukaribisha. Shangazi akamweleza kwamba tumefunga, na kwamba kwa siku ndefu za huko tunafunga kuanzia saa tisa usiku hadi karibu saa tatu usiku unaofuata. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini sikutaka kumwachia shangazi funga hiyo peke yake. Bibi akatutazama, akamwambia mumewe maneno mawili matatu, na yule mzee akainuka, akahamisha mwavuli wao mkubwa ukawa juu yetu. Jua lilikuwa limeshapanda na mbingu haina wingu. Alikaa juani mpaka mchana ukaisha, na kila tulipomwomba achukue kivuli chake alikataa kwa mkono.

Wageni 600 ndio waliokuwa na nafasi ndani ya Kanisa la Mtakatifu George, kanisa la kasri lililoanza kujengwa mwaka 1475, ambamo amezikwa Henry VIII na pia George VI, yule mfalme ambaye kifo chake mwaka 1952 kilimkuta binti yake, Elizabeth, akiwa Kenya. Wengine 2,640 walialikwa kwenye viwanja vya ndani ya kasri: wananchi waliotumikia jamii zao, wanafunzi wa shule za jirani, watu wa mashirika ya hisani, wafanyakazi wa kasri. Wale wananchi waliombwa waje na chakula chao cha mchana. Kwa mtu wa pwani hilo ni gumu kumeza, maana kwetu mgeni akiondoka harusini na njaa, aibu ni ya ukoo mzima. Nilimwambia hivyo yule bibi wa Wales. Akanijibu kwamba kwao kula pamoja nje, kila mtu na kikapu chake, chini ya mti uliochanua, ndiyo karamu yenyewe ya majira yale. Nikatazama kulia na kushoto, familia kwa familia juu ya majani zikikatiana keki na kumiminiana chai, nikaamini.

Saa sita mchana vipaza sauti vilinyamaza, kisha tarumbeta zikalia. Kwenye skrini kubwa bi harusi alipanda ngazi za kanisa katika gauni jeupe lisilo na nakshi, kazi ya Clare Waight Keller wa nyumba ya mitindo ya Givenchy. Akaingia peke yake, akifuatwa na watoto, mpaka katikati ya kanisa, ambapo baba mkwe wake, Mwanamfalme Charles, alimpokea na kumsindikiza. Shangazi alipiga kigelegele. Kilitoka kwa nguvu zake zote, kirefu, na watu waligeuka. Wale wanafunzi wa Kanada wakamwomba arudie. Alirudia, na dada Mkenya akampokea, nami nikawapokea wote wawili, na pale kwenye nyasi za mfalme kukawa na harusi ya Kiswahili kwa dakika nzima.

Ibada yenyewe iliwagusa watu kwa namna ambayo sikuitarajia. Askofu Michael Curry, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuliongoza Kanisa la Episkopali la Marekani, alihubiri upendo. Alimtaja Martin Luther King, akataja watumwa walioshikilia matumaini katikati ya mateso, akataja moto na jinsi binadamu alivyobadilisha maisha kwa kuumiliki. Nyuma yetu kundi la akina mama weusi kutoka London walikuwa wakiitikia kila anapovuta pumzi. Rose Hudson-Wilkin, kasisi mzaliwa wa Jamaika, aliongoza sala. Kwaya ya Kingdom Choir, chini ya Karen Gibson, iliimba Stand by Me, na Long Walk yote ikaimba nayo. Sheku Kanneh-Mason, kijana mweusi wa miaka 19, alipiga selo wakati maharusi wakitia saini. Dada Mkenya alikuwa analia waziwazi. "Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "sijawahi kuona watu wetu wengi hivi katikati ya jambo lao." Harusi moja haifuti historia, na mtu wa Tanga au wa Nyeri hahitaji kukumbushwa taji lile lilifanya nini katika nchi zetu. Lakini niliyoyaona siku ile yalikuwa ya kweli, na furaha ya yule dada ilikuwa halali yake.

Harry alipotamka kwamba anakubali, shangwe ilipanda kutoka mjini hadi ikasikika ndani ya kanisa, na kwenye skrini tuliwaona watu mle ndani wakitabasamu kwa kelele zetu.

Baada ya saa saba gari la farasi lilitoka kasrini, lisilo na paa, likivutwa na farasi wanne wa rangi ya kijivu cheupe, askari wa farasi mbele na nyuma. Lilizunguka mji kisha likaingia Long Walk kurudi kasrini. Tulianza kuhisi kwato ardhini kabla ya kuona chochote. Kisha zikapita helmeti zinazong'aa, jasho la farasi likanukia, na kufumba na kufumbua maharusi walikuwa mbele yetu. Meghan alikuwa upande wetu. Mkono mmoja alishika shada, mwingine anapunga, na upepo ulikuwa unaichezea veli yake begani. Kisha wakapita. Wazazi wakawateremsha watoto mabegani, na kila mtu akaanza kumsimulia mwenzake kitu kilekile alichokiona.

Habari za veli hiyo tulikuwa tumeshazipata kwenye simu, maana ikulu ilizitoa mara bi harusi alipoingia kanisani. Ilikuwa na urefu wa mita 5, ya hariri laini, na pembezoni mwake yalitariziwa maua ya nchi zote 53 za Jumuiya ya Madola za wakati huo. Wazo lilikuwa la Meghan mwenyewe. Mafundi walitumia mamia ya saa kuyatarizi kwa mkono, na kila baada ya nusu saa walinawa mikono ili kitambaa na nyuzi visishike hata alama ya kidole. Dada Mkenya alisoma orodha kwa sauti, akitafuta kwao. "Kenya tumo, okidi. Uganda wamo, waridi la jangwani. Rwanda wamo." Akateremsha kidole. "Na nyinyi mmo, dada. Tanzania, African violet."

Ua hilo ni la kwetu kabisa. Asili yake ni milima ya mashariki, hasa Usambara, na katika mkoa wangu ndiko lilikotoka kwenda duniani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliliona na kupeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika mwaka uliofuata na kulipa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanaliita ua la Usambara. Tangu hapo limekuwa miongoni mwa maua ya chungu yanayopendwa sana ulimwenguni. Nilikuwa nimesafiri mbali kushangilia harusi ya watu, kumbe mlima wa kwetu umekaa kwenye kichwa cha bi harusi.

Jioni mji ulihamia kwenye televisheni, kwa kuwa saa kumi na moja na robo ilichezwa fainali ya Kombe la FA. Mwanamfalme William, ambaye wakati huo alikuwa rais wa Chama cha Soka na kwa desturi hukabidhi kombe, hakuwapo uwanjani kwa sababu alikuwa mpambe wa bwana harusi. Chelsea waliifunga Manchester United bao 1 kwa 0, penalti ya Eden Hazard, na ujumbe niliopokea kutoka Tanga usiku huo ulihusu penalti zaidi ya ndoa. Jua lilizama kwenye saa tatu kasoro dakika kumi. Tulifuturu kwa tende, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, madirisha wazi, ndege wakiwa bado wanaimba nje.

Jumapili tulirudi upande wa Windsor, safari hii kuona machipuko yenyewe. Bustani kuu ya Windsor ni msitu na malisho ya karibu ekari 5,000, na kuitembelea kwa miguu hakuna kiingilio. Humo kuna mialoni yenye umri wa karne nyingi, mashina yake yamepasuka na kuwa wazi ndani, lakini matawi yana majani mapya ya kijani kilichopauka, laini kiasi kwamba ukiyashika yanakunjika vidoleni. Kuna kulungu wekundu, waliorejeshwa humo mwaka 1979. Chini ya vivuli maua ya bluebell yalikuwa yanamalizikia. Katika Savill Garden, bustani iliyoanzishwa miaka ya 1930, azalia zilikuwa zimewaka rangi ya chungwa na waridi, na harufu yake unaipata kabla hujafika.

Huko ndiko nilikoelewa mapambo ya kanisani. Philippa Craddock, mpambaji wa maua ya harusi, alichukua sehemu ya vifaa vyake kutoka humohumo bustanini: matawi ya beech, birch na hornbeam yaliyotoka kuchipua, akayachanganya na waridi jeupe, peoni na foxglove, vitu vinavyochanua wakati huo wa mwaka. Keki ilitiwa ladha ya limau na ua la elder, kijiti kinachoota kando ya vichochoro vya nchi nzima. Ndani ya shada la bi harusi kulikuwa na forget-me-not, ua alilolipenda marehemu Diana, mama wa bwana harusi, na Harry mwenyewe aliyachuma maua kadhaa ya kutiwa humo siku moja kabla. Baada ya harusi, maua ya kanisani hayakutupwa. Yalifungwa vishada, vikapelekwa kwa wagonjwa. Ukoo wenye uwezo wa kuagiza chochote kutoka popote ulichagua kupamba kwa kinachoota nyumbani, katika msimu wake.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2020 maharusi wale waliacha majukumu ya kifalme wakahamia California. Mwaka 2022 Malkia naye alizikwa katika kanisa lilelile. Mimi ninachokirudia kila nikialikwa kwenye kikao cha harusi ni habari ya maua. Kumbi zetu nyingi leo zimejaa maua ya plastiki yaliyovuka bahari, katika pwani ambayo bibi zetu walipamba maharusi kwa vikuba vya asumini na rehani, mkadi nyweleni, kilua na langilangi kitandani. Asumini bado inachanua jioni kwenye nyua zetu. Mkadi upo. Wanaofahamu kusuka vikuba wapo pia, na wanahitaji kazi.

Naziomba kamati za harusi zitenge fungu la mapambo kwa ajili yao. Nawaomba pia wazazi na walimu wa Tanga wawapeleke watoto Amani, kupitia Muheza, mvua za masika zikikatika. Huko kuna hifadhi ya msitu iliyotangazwa mwaka 1997, na ndani yake, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, lile ua la veli ya Windsor linaota lenyewe. Msilichume, maana porini limebaki kidogo, na adui yake mkubwa ni kukatwa kwa miti inayolipa kivuli. Litazameni, mlijue, na mkisikia shoka linalia mahali pasipoinuliwa shoka, semeni.